Wana wa Thessaloniki

Mabibi na mabwana, wazee wangu, ndugu zangu vijana: asalaam alaikum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mji mmoja wa Balkani na watu mashuhuri waliotoka humo. Nimeuchagua Thessaloniki, bandari iliyo kaskazini mwa Ugiriki, kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kukutana nao hata kama hamjawahi kuutafuta kwenye ramani. Aliyewahi kufungua Agano Jipya la Kiswahili ameziona nyaraka mbili za Paulo kwa Wathesalonike. Wataalamu wengi huukadiria ule waraka wa kwanza kuwa wa mwaka 50 hivi baada ya Kristo, yaani huenda ndiyo maandishi ya kale kuliko yote katika Agano Jipya. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, mnamwona Paulo akihojiana na watu Sabato tatu katika sinagogi la mji huo, halafu ghasia zinazuka, halafu mtu mmoja aitwaye Yasoni anaburutwa mbele ya wakubwa wa mji kwa kosa la kumpokea mgeni nyumbani kwake. Mimi kila ninapowahesabu watu wakubwa wa Thessaloniki huanza na Yasoni. Hakuandika kitabu, hakuongoza jeshi. Alimfungulia mtu mlango, akashtakiwa.

Sasa niwaambie kinachoniuma kuhusu mji huu. Mwulize Mgiriki akutajie wana wa Thessaloniki: atakupa Mtakatifu Demetrio, atakupa ndugu wawili Sirili na Metodi, atakupa mshairi Manolis Anagnostakis, aliyehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi mwaka 1949 akanusurika. Mwulize Mturuki, ambaye kwake mji ni Selanik: atakupa Mustafa Kemal Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, na mshairi Nâzım Hikmet. Mbulgaria atakurudishia Sirili na Metodi, ila atasisitiza kuwa ni wa kwake. Myahudi ambaye babu zake walitoka huko atakutajia marabi, watunzi wa nyimbo za sinagogi, wachapaji, wenye viwanda na mahamali wa bandarini. Orodha nne, na majina yake karibu hayakutani. Kila taifa limewachukua wa kwake na kuwafungia katika vitabu vya shule vya kwake. Nami nasema kwa uzito wote nilio nao kwamba hakuna hata mmoja kati ya watu hao anayeeleweka akiwa peke yake. Jioni hii nataka kuwarudisha katika mtaa mmoja, walipokuwa.

Mji ulijengwa mwaka 315 kabla ya Kristo na Kassandros, mtawala wa Makedonia, akaupa jina la mkewe, Thessalonike, aliyekuwa dada wa Aleksanda Mkuu kwa baba. Warumi walipokuja wakapitisha hapo barabara yao kuu ya Via Egnatia, iliyotoka pwani ya Adriatiki kwenda hadi Bizanti, mji ulioitwa baadaye Konstantinopoli, ndio Istanbul ya leo. Bandari na barabara vikikutana mahali pamoja, watu wa kila aina hufika. Demetrio aliuawa hapo katika mateso ya Wakristo mwanzoni mwa karne ya 4, na kanisa lake linasimama mpaka leo. Sikukuu yake ni tarehe 26 Oktoba. Mwishike tarehe hiyo, nitaihitaji baadaye.

Nataka nikae kidogo na Sirili na Metodi, maana jambo lao linatuhusu sisi watu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Walizaliwa mwanzoni mwa karne ya 9. Metodi ndiye mkubwa. Sirili jina lake la kuzaliwa lilikuwa Konstantino, na hilo la Sirili alilichukua mwishoni mwa maisha yake, alipoingia utawa. Baba yao, Leo, alikuwa ofisa wa jeshi la Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, msomi wa Kigiriki wala si mtu wa mashamba. Lakini nje ya kuta za mji waliishi Waslavi, na Waslavi hao waliingia mjini kuuza, kununua na kufanya kazi. Mtoto wa ofisa akawasikia, akajifunza. Mwaka 862 mtawala wa Moravia, nchi ya Waslavi katikati ya Ulaya, Rastislav, alipomwomba mfalme wa Konstantinopoli amletee walimu watakaowafundisha watu wake imani kwa lugha yao, mfalme Mikaeli wa Tatu aliwageukia hawa wawili. Kitabu cha zamani cha maisha ya Metodi kinaeleza sababu yake: ninyi ni watu wa Thessaloniki, na watu wa Thessaloniki wote husema Kislavi safi.

Hebu lipimeni hilo. Mfalme wa dola kubwa kuliko zote za Kikristo wakati ule alitafuta watu wa kazi nzito, akawapata kwa sababu walikulia katika mji ambao jirani hakusema lugha yao. Kipaji chao kilitoka sokoni.

Kislavi hakikuwa na herufi. Sirili akazibuni, herufi zinazoitwa za Kiglagoli, akaanza kutafsiri Injili na sala za ibada. Herufi za Kisirili wanazotumia leo Warusi, Waukraine, Wabulgaria na Waserbia zilitengenezwa baadaye na wanafunzi wa ndugu hao huko Bulgaria, wakazipa jina la mwalimu. Lakini kabla ya kufika huko, upinzani ulikuwa mkali. Walipofika Venisi, mapadre wa Kilatini waliwazingira wakisema kwamba Mungu husifiwa kwa lugha tatu tu: Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Sirili akawajibu kwa kuwauliza kama mvua ya Mungu hainyeshi kwa watu wote sawasawa, na kama jua halimwangazii kila mtu. Halafu akawatajia mataifa mengine yaliyokwisha kuwa na vitabu vyao na kumsifu Mungu kwa lugha zao: Waarmenia, Wajojia, Wasiria, Waarabu na wengineo. Papa Adriani wa Pili akawapokea Roma na kuvibariki vitabu vya Kislavi. Sirili alifia huko tarehe 14 Februari 869. Metodi aliendelea peke yake hadi mwaka 885, na katikati ya miaka hiyo maaskofu wa Kijerumani walimfunga gerezani.

Sisi ambao lugha yetu iliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi, na ambao maandiko yalianza kutafsiriwa kwa lugha yetu huko Mombasa karne ya 19, tunajua thamani ya mtu anayeketi na lugha isiyo yake ya kuzaliwa, akaisikiliza mpaka akaweza kuiandika. Leo Wagiriki, Wabulgaria na Wamakedonia Kaskazini wanavutana juu ya nani mwenye haki na Sirili na Metodi. Mimi naona mvutano huo unawapunguza. Kama wangekuwa wa kabila moja tu, la lugha moja tu, tusingekuwa na habari yao.

Karne nyingi zikapita, nami nitaziruka. Mwaka 1430 Sultani Murad wa Pili wa Milki ya Osmani, dola ya Waturuki, aliuteka mji. Vita na kuhama viliuacha na watu wachache mno. Kisha mwaka 1492 wafalme wa Hispania wakawafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa, na Milki ya Osmani ikawafungulia milango. Maelfu wakashuka Thessaloniki. Walikuja na Kihispania chao cha karne ya 15, na wakaendelea kukisema, kizazi baada ya kizazi, kwa zaidi ya miaka 400. Ndicho kinachoitwa Kiladino. Ndugu zetu wa Lubumbashi wanaijua habari hii kwa karibu, maana Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliohamia Katanga enzi za Wabelgiji walikuja na lugha hiyohiyo, na mmoja wao, Nissim Soriano, ndiye baba yake mwanasiasa wa Kongo, Moïse Katumbi.

Katika kizazi cha kwanza cha watoto wa wakimbizi hao, alizaliwa Thessaloniki mtu aitwaye Shlomo Alkabetz, mnamo mwaka 1500. Baadaye alihamia Safed, Palestina, na huko akatunga wimbo wa Lekha Dodi, wa kuikaribisha Sabato kama bibi harusi. Herufi za kwanza za beti zake zinaunda jina lake. Kila Ijumaa jua likizama, wimbo huo unaimbwa katika masinagogi ya dunia nzima. Hakuna mwana wa Thessaloniki ambaye maneno yake yanatamkwa na midomo mingi zaidi kila wiki, isipokuwa tukiwahesabu wanaosali kwa Kislavi cha Sirili.

Wayahudi hao hawakuwa marabi na matajiri peke yao. Wengi walikuwa maskini: wavuvi, wafumaji, wasichana wa viwanda vya tumbaku, na mahamali. Bandari nzima ilifungwa siku ya Jumamosi, kwa sababu waliopakia na kupakua walikuwa Wayahudi, na nahodha wa nchi yoyote aliyefika siku hiyo alingoja. Hamali wa Thessaloniki alihitaji Kiladino cha nyumbani, Kituruki cha ofisi ya forodha, Kigiriki cha dukani, na maneno ya kutosha ya Kibulgaria na Kifaransa. Miaka ya 1930, wengi wao walichukuliwa kwenda kuifanyia kazi bandari ya Haifa, maana ustadi wao ulijulikana. Majina yao hayako katika orodha yoyote kati ya zile nne, na nawataja hapa ili wawemo.

Niingie sasa kwenye jina ambalo naamini wengi mmekuwa mkilingoja.

Karne ya 17 alitokea Myahudi wa Izmir, Sabbatai Zevi, akadai kuwa ndiye Masihi. Mwaka 1666 Waosmani walimpa hiari ya kusilimu au kufa, akasilimu. Baadhi ya wafuasi wake wakamfuata katika Uislamu, na wengi wao wakakusanyika Thessaloniki. Wakawa jamii ya pekee: Waislamu kwa nje, wenye mila zao za siri kwa ndani, wakioana wenyewe kwa wenyewe. Waturuki waliwaita dönme. Jamii hiyo ndogo ilipenda elimu kwa namna ya ajabu, na kutoka kwao alitokea mwalimu Şemsi Efendi, aliyefungua katika miaka ya 1870 shule ya mtindo mpya, yenye madawati na ubao. Wahafidhina walimpinga vikali, shule yake ikashambuliwa, akaanza upya. Mwanafunzi mmoja wa Şemsi Efendi alikuwa mtoto wa karani wa forodha Ali Rıza na mkewe Zübeyde. Mama alitaka mtoto aende chuoni kusoma Kurani, baba akataka shule mpya. Wakakubaliana aanze chuoni kwa siku chache ili mama aridhike, kisha ahamie kwa Şemsi Efendi. Mtoto huyo, aliyezaliwa mwaka 1881, aliitwa Mustafa.

Nyumba anayokumbukwa kuzaliwa Mustafa Kemal Atatürk bado ipo, nayo ni jumba la makumbusho ndani ya ua wa ubalozi mdogo wa Uturuki. Iko katika Mtaa wa Mtume Paulo. Mtu aliyeuondoa ukhalifa mwaka 1924 anatembelewa na mahujaji wake katika mtaa wenye jina la yule aliyewaandikia Wathesalonike. Na kuna jambo lingine ambalo hunishangaza zaidi. Mwaka 1928 Atatürk aliziondoa herufi za Kiarabu katika Kituruki na kuweka za Kilatini. Mji mmoja, basi, ulimtoa mtu aliyewapa Waslavi herufi, na miaka zaidi ya 1,000 baadaye ukamtoa aliyewabadilishia Waturuki herufi zao. Sidhani kama ni bahati tu. Mtoto anayekua akiona vibao vya maduka vimeandikwa Kiebrania, Kigiriki, Kiarabu, Kisirili na Kilatini hujifunza mapema kwamba herufi ni kitu kilichotengenezwa na watu, na watu wanaweza kukibadili. Wapo kati yenu watakaosema Atatürk aliwakata Waturuki na maandishi ya babu zao. Nao wana hoja, tena hoja nzito, na sisi ambao barua za mababu zetu wengi hatuwezi tena kuzisoma tunaihisi.

Julai 1908 maofisa wa jeshi waliokuwa wakikutana kwa siri Thessaloniki walimlazimisha Sultani Abdülhamid wa Pili airudishe katiba. Watu wakamiminika kwenye uwanja karibu na bandari. Mapadre, maimamu na marabi walikumbatiana hadharani. Uwanja ukaitwa Eleftherias, yaani Uhuru. Mwaka uliofuata Sultani mwenyewe aling'olewa, akaletwa mfungwa katika jumba la ghorofa lililojengwa na familia ya Kiyahudi ya Allatini, wenye vinu vya unga, akakaa humo hadi mwaka 1912.

Katika hamasa hiyo alifika mjini kijana kutoka Vidin, Bulgaria, Avraam Benaroya. Hakuzaliwa Thessaloniki, lakini namhesabu, maana alielewa mji ule kuliko wengi waliozaliwa humo. Mwaka 1909 aliunda Shirikisho la Wafanyakazi, na gazeti lao likatoka kwa lugha nne: Kiladino, Kibulgaria, Kigiriki na Kituruki. Wazo lake lilikuwa kwamba mfanyakazi wa tumbaku Mgiriki na mwenzake Myahudi wanagoma pamoja, kila mmoja akisoma tangazo la mgomo kwa lugha ya mama yake. Waosmani walimfunga, Wagiriki nao baadaye wakamfunga na kumpeleka uhamishoni kisiwani. Mwaka 1918 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kisoshalisti cha Ugiriki, kilichokuja kuwa chama cha kikomunisti cha nchi hiyo. Alifariki Israeli mwaka 1979. Kati ya watu wote ninaowataja jioni hii, yeye ndiye ninayempenda zaidi, kwa sababu aliiona ile tofauti ya lugha, akaitengenezea ukurasa wa gazeti.

Tarehe 26 Oktoba 1912, kwa kalenda ya zamani, siku ya Mtakatifu Demetrio, mji ulikabidhiwa kwa jeshi la Ugiriki. Ndiyo sababu niliwaomba mwishike tarehe hiyo: kwa Wagiriki ilikuwa muujiza wa mtakatifu wao. Mwaka 1913 serikali mpya ikahesabu watu. Jumla ilikuwa 157,000 na ushei. Wayahudi walizidi 61,000, Waislamu walikuwa karibu 46,000, Wagiriki karibu 40,000, Wabulgaria zaidi ya 6,000. Hakuna kundi lililofika nusu.

Kuanzia hapo mji ulifumuliwa kama mkeka, ukili mmoja baada ya mwingine, na wana wake wakatawanyika.

Isaac Carasso aliondoka kwenda Hispania, nchi iliyowafukuza wazee wake. Akatua Barcelona, ambako watoto wengi walikuwa wakiugua tumbo. Yeye aliujua mtindi tangu nyumbani, ambako kila mtu aliula. Akachukua bakteria wa kugandishia maziwa kutoka Taasisi ya Pasteur ya Paris, na mwaka 1919 akaanza kuuza mtindi, kwanza kwenye maduka ya dawa. Aliuita kwa jina la utani la mwanawe Daniel. Ndiyo Danone. Huyo Daniel, aliyezaliwa Thessaloniki mwaka 1905, aliishi hadi mwaka 2009. Mwingine, Maurice Abravanel, aliyezaliwa mwaka 1903, alifika Utah, Marekani, akaiongoza orkesta ya huko kwa zaidi ya miaka 30.

Kwa upande wa Uturuki habari ni chungu zaidi. Cavid Bey, mwana wa Thessaloniki wa ile jamii ya dönme, alikuwa waziri wa fedha wa Waosmani na mmoja wa vichwa bora vya uchumi walivyowahi kuwa navyo. Mwaka 1926 alinyongwa Ankara kwa tuhuma za kushiriki njama ya kumwua Mustafa Kemal. Watoto wa mji mmoja: mmoja rais, mwingine kwenye kitanzi cha jamhuri ya mwenziwe. Nâzım Hikmet, aliyezaliwa mwaka 1902, akawa mshairi mkuu wa Kituruki cha karne yake, akalivunja shairi la vina na kulipa pumzi mpya. Mwaka 1938, mwaka uleule aliokufa Atatürk, alihukumiwa kifungo kirefu kwa siasa zake za kikomunisti. Aliachiwa mwaka 1950, akakimbilia Urusi mwaka uliofuata, akavuliwa uraia, akafia Moscow mwaka 1963. Uraia wake ulirudishwa mwaka 2009. Na msimsahau mwanamke mmoja ambaye hutajwa kwa nadra mno: Sabiha Sertel, aliyezaliwa mwaka 1895, naye wa jamii ya dönme, mwandishi wa habari aliyeandika dhidi ya ufashisti wakati kuandika hivyo kulikuwa hatari. Desemba 1945 kundi la watu lilivamia gazeti la Tan, alilokuwa akiliendesha na mumewe huko Istanbul, likavunja mitambo ya kuchapia. Alifia Baku mwaka 1968.

Agosti 1917 moto uliteketeza katikati ya mji, na zaidi ya watu 70,000 wakakosa makazi, wengi wao Wayahudi. Mwaka 1923, kwa mkataba wa Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilibadilishana wakazi kwa kipimo cha dini. Waislamu wa Thessaloniki, pamoja na wale dönme, wakapakiwa melini. Wakristo wa Anatolia wakaletwa, wengine wakisema Kituruki tu. Katika familia zilizokuja kwa mkondo huo alikuwamo mtoto aliyezaliwa Bursa mwaka 1919, Manolis Andronikos, ambaye mwaka 1977 alilifukua Vergina kaburi la kifalme linaloaminika kuwa la Filipo wa Pili, baba wa Aleksanda.

Kisha wakaja Wanazi.

Jumamosi tarehe 11 Julai 1942, wanaume wa Kiyahudi 9,000 waliamriwa kukusanyika kwenye uwanja ule wa Eleftherias, uleule wa kumbatio la mwaka 1908. Walisimamishwa juani saa nyingi, wakapigwa, wakadhalilishwa, wakaandikishwa kwa kazi za shuruti. Desemba mwaka huo makaburi yao ya kale, zaidi ya 300,000, yalianza kubomolewa, na mawe yake yakatumiwa kujengea mjini. Tarehe 15 Machi 1943 treni ya kwanza iliondoka kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Hadi Agosti, watu zaidi ya 45,000 walikuwa wamechukuliwa. Walionusurika, kwa kila hesabu, hawakufika 2,000.

Katika walionusurika alikuwamo Jacques Stroumsa, mhandisi aliyepiga fidla katika bendi ya wafungwa wa Auschwitz. Baada ya vita alihamia Jerusalem akawa msimamizi wa taa za barabara za mji huo. Alikuwamo Salamo Arouch, bondia, aliyelazimishwa na maofisa wa kambi kupigana usiku baada ya usiku kwa burudani yao, akijua anayeshindwa haonekani tena. Jamani, Kiladino kile kilichovuka miaka 400 na bahari nzima kilizimwa Thessaloniki kwa miezi mitano.

Nimemweka mwishoni Albert Bourla. Alizaliwa Thessaloniki mwaka 1961, akasoma udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Aristotle, chuo ambacho eneo lake limepanuliwa juu ya yale makaburi yaliyobomolewa. Mama yake, Sara, alifichwa na dada yake aliyekuwa ameolewa na Mkristo, Kostas Dimadis. Alipogunduliwa na kufungwa, shemeji huyo alimhonga ofisa wa Kijerumani Max Merten fedha nyingi. Hata hivyo, asubuhi moja Sara alitolewa gerezani pamoja na wengine, akasimamishwa ukutani apigwe risasi. Askari akafika kwa pikipiki na karatasi, yeye na mwanamke mwingine wakatolewa mstarini, na wakiwa njiani kurudi wakaisikia milio ya bunduki nyuma yao. Bourla mwenyewe ameisimulia habari hii hadharani. Mwaka 2019 akawa mkuu wa kampuni ya Pfizer, na janga la korona lilipofika alitengeneza chanjo kwa kushirikiana na BioNTech ya Ujerumani, kampuni ya Uğur Şahin na Özlem Türeci, wote wawili wa asili ya Kituruki. Myahudi wa Ugiriki na Waturuki wa Ujerumani. Baadhi yetu humu ndani tumechomwa sindano hiyo. Kwa hiyo Kostas Dimadis, ambaye hakuna orodha inayomtaja, naomba akae karibu na Yasoni.

Mtu atauliza mji wenyewe unafanya nini na kumbukumbu hizi. Kwa miaka mingi ulifanya kidogo mno. Uwanja wa Eleftherias uligeuzwa maegesho ya magari. Aliyeanza kubadili mambo kwa nguvu ni Yiannis Boutaris, mtengeneza mvinyo wa asili ya Kivlachi, jamii ndogo ya Balkani, aliyekuwa meya kuanzia mwaka 2011 hadi 2019. Aliwaalika Waturuki waje waione nyumba ya Atatürk kama nyumba ya mtoto wa mji. Mwaka 2014, diwani wa chama cha wafuasi mamboleo wa Hitler alipoingia barazani, meya alikula kiapo chake akiwa amebandika kifuani nyota ya njano, ile waliyolazimishwa kuivaa Wayahudi. Mwaka huohuo mnara wa kuyakumbuka makaburi ulizinduliwa ndani ya chuo kikuu. Mei 2018, akiwa na miaka 75, kundi la watu lilimwangusha chini na kumpiga mateke katika hadhara ya kumbukumbu mjini humo. Alitibiwa, akarudi ofisini, akamaliza muhula wake. Alifariki Novemba 2024.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Sasa maswali, na ningependa tuanze na wale mnaoona nimemwonea Atatürk, au nimempendelea.